Mahali pa Mjomba kwenye Picha

Jumatatu, 10 Machi

Kompyuta imejaa tena. Asubuhi nzima nafuta picha za pasipoti za watu waliokwishachukua zao wakaenda. Nafuta, inasema nafasi haitoshi. Nafuta tena. Mvua inapiga bati, mteja hakuna. Kwaresima na Ramadhani zimekuja pamoja mwaka huu, kwa hiyo hapa mtaani kwetu Mwembesongo hakuna anayeoa. Afadhali. Huu ndio wakati wa kutengeneza mambo.

Fundi Chande alikuja kuikagua. Akaifungua, akapuliza vumbi, akatikisa kichwa. Mashine imezeeka. Ametuwekea programu mbili za majaribio, moja ya kuhariri picha, nyingine ya kuzipanga na kuzitafuta. Mwisho wa mwezi tuchague moja ya kulipia, maana hata tukizilipia zote mbili mashine hii haizibebi. Zikifunguliwa pamoja inaganda. Na akatuonya, ya majaribio ukishaitoa hairudi.

Mimi nataka ya kupanga. Shabani anataka ya kuhariri. Shabani ni mwenzangu wa studio, tumeifungua pamoja, mimi napiga, yeye anapamba. Anasema mteja halipii mpangilio, analipia uso. Nikamwambia mteja hawezi kulipia picha tusiyojua iko wapi. Tukanuniana mpaka saa ya kufuturu ikamkuta anafunga mlango. Nina hasira, na najua nyingine ni njaa tu.

Jumanne, 11 Machi

Nimefungua ile ya kupanga. Aibu. Folda zetu zina majina haya: Mpya. Mpya kabisa. Za leo. Za leo 2. Harusi ya yule dada. Usifute. Ndani ya Usifute kuna Usifute nyingine. Tarehe nazo hazisaidii. Betri ndogo ya kamera ilikufa zamani, kila ikizimwa inarudi kwenye tarehe ya kiwandani. Kwa mujibu wa kamera yetu, nusu ya Morogoro ilioa siku moja.

Shabani akachungulia, akacheka. Mimi sikucheka.

Alhamisi, 13 Machi

Amekuja Yustina. Tulimpigia harusi yake kijijini kwao, Mgeta, miaka michache iliyopita. Amekuja na fremu imefungwa kwenye kitenge. Hakutaka kukaa.

Akaifungua juu ya kaunta. Picha kubwa ya familia mbele ya kanisa. Bwana harusi, yeye, na baba yake Mzee Klementi amesimama ubavuni kwake. Kazi safi ya Shabani, nyuso zote zinang'aa. Akaniuliza, "Dada Adela, mjomba wangu yuko wapi?"

Sikuelewa. Akaweka kidole pale aliposimama baba yake. Hapo alisimama mjomba Aloisi, mkono begani kwangu, akasema. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti pembeni kule. Siku mnapiga ilikuwa hivyo, fremu ilipoletwa ikawa hivi.

Mama yangu ni Mluguru, najua mjomba ni nani. Mtoto ni wa ukoo wa mama. Shamba ni la ukoo wa mama. Mjomba ndiye anayesimamia vyote viwili. Kumtoa mjomba kwenye picha ya harusi ni kusema binti hana kwao.

Mengine aliyasimulia kwa sauti ya chini. Mjomba aliiona fremu ukutani nyumbani kwa wazazi wa Yustina, akanywa chai yake, akaaga. Hakuuliza kitu. Tangu siku hiyo hakukaa tena kwenye sebule ile, akija anaishia barazani. Na kwa kuwa Mzee Klementi ndiye aliyeshuka mjini kuichukua fremu, watu wakaamua kwamba yeye ndiye aliyetuagiza tumtoe shemeji yake. Mzee anajitetea kwamba alidhani kamera ndivyo ilivyoona. Nani atamwamini.

Sasa mjomba amefariki. Jumamosi ya wiki ijayo wanamaliza matanga. Mdogo wa marehemu, Mzee Deo, ameshasema hadharani: mtu aliyemfuta kaka yangu hawezi kuendelea kulima ardhi yetu. Mzee Klementi analima kabichi kwenye shamba hilo la ukoo wa mkewe tangu alipooa. Hana pengine pa kwenda.

Yustina anataka picha ya mwanzo, kabla haijaguswa. Nikamwambia tutaipata. Sijui kwa nini nilisema kwa uhakika namna ile.

Ijumaa, 14 Machi

Shabani hakumbuki. Aliitazama fremu muda mrefu. Kazi ni yake, alisema, mkono wake anaujua, lakini aliyetolewa hamkumbuki. Baadaye akakumbuka koti. Kulikuwa na mzee mmoja mwenye koti kubwa la mvua, akamwona kama jirani aliyejipenyeza. Akaona baba wa binti ametupwa pembeni kama mgeni, akamhurumia, akamsogeza. Kwao Kondoa baba ndiye anayesimama na binti. Anasema alifanya wema.

Wema! Nikamwambia ungeniuliza. Akanijibu kwamba mimi, mtoto wa Mluguru, niliikagua picha kabla haijaenda kuchapwa, mbona sikuona? Akachukua kofia yake akaenda msikitini.

Jumapili, 16 Machi

Baada ya misa nimekuja studio peke yangu. Programu ya kupanga inatambua nyuso. Unaiachia, inapekua picha zote, inamkusanya kila mtu na picha zake. Nikaiachia. Ikapekua mpaka kompyuta ikapata moto kama pasi. Mwisho ikaniletea mtu wa kwanza, mwenye picha nyingi kuliko wote. Nikafungua.

Mabibi harusi. Wote. Wa Mwembesongo, wa Ngerengere, wa Mzumbe, wa Mgeta, Waislamu kwa Wakristo. Shabani amewang'arisha kwa brashi ile ile, pua ile ile, kidevu kile kile, mpaka programu imeamua ni mwanamke mmoja anayeolewa kila Jumamosi. Nilicheka mpaka machozi. Kicheko kikaisha, machozi yakabaki.

Mjomba Aloisi sikumwona. Hata akiwemo, sura yake siijui. Namtafuta mtu nisiyemjua ndani ya fujo niliyoifanya mwenyewe.

Jumatatu, 17 Machi

Shabani amekiri. Picha za mwanzo za harusi ile alizifuta. Harusi za Desemba zilikuja, nafasi ikaisha, akabakiza zilizopambwa. Alizifuta zote? Nyingi. Zipi zilibaki? Hajui.

Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa. Nikamwambia programu yake ya kuhariri akaitumie kwake. Alichukua begi akatoka. Mtu amefunga, nami nimemtoa kwenye mvua. Sijutii. Najuta kidogo.

Jumanne, 18 Machi

Shabani hajaja. Simu hapokei. Mteja mmoja tu, picha za pasipoti. Nimempiga mwenyewe, nimekata mwenyewe, kichwa kimekaa upande. Akazichukua hivyo hivyo.

Jumatano, 19 Machi

Amekuja Mzee Klementi mwenyewe. Alishuka alfajiri na gari la mboga, tope mpaka magotini. Nikampa shikamoo, akaitikia, akakaa kwenye benchi la wateja, kofia mkononi. Nikadhani anapumzika.

Kumbe hakujua aanzie wapi. Hakuja kulalamika. Amekuja kuuliza kama kuna siku aliwahi kutuambia tumtoe shemeji yake. Ameambiwa mara nyingi sana kwamba alisema, mpaka sasa yeye mwenyewe hana uhakika. Labda alisema jambo tukalielewa vingine. Labda alitamani. Alisema hivyo, labda nilitamani, na hakunitazama.

Nikamwambia hapana mzee, hukusema. Ni sisi. Akafunika uso kwa kofia, akabaki hivyo. Nilikwenda nyuma nikajifanya natafuta karatasi.

Aliponitazama tena akaniambia Aloisi ndiye aliyemkatia kipande cha kwanza cha shamba na kumfundisha kuchonga matuta ili mvua isibebe udongo. Tangu fremu ile iingie ndani walikuwa wanasalimiana tu. Kila mmoja alimsubiri mwenzie aseme.

Akaniuliza kama nitapanda Mgeta Jumamosi, kwenye matanga. Nitapanda. Lakini mimi ni mtu wa studio iliyoharibu, neno langu tupu watalitemea. Picha sina, mwenzangu sina. Naogopa. Acha niandike hivyo hivyo, naogopa.

Alhamisi, 20 Machi

Shabani amerudi. Hakunisalimia. Akachomeka diski yake kuukuu, ile iliyozungushiwa utepe wa gundi, akafungua folda ambayo sijawahi kuiona. Jina lake Waliotolewa.

Miaka yote hii, kila mtu anayemkata kwenye picha hamtupi. Anamhifadhi. Wamejaa humo. Mama mwenye beseni aliyepita nyuma ya keki. Mlevi wa mlangoni. Shangazi aliyegombana na wenzie baada ya harusi. Wachumba wa zamani, hao ndio wengi. Kila mmoja peke yake, nyuma yake hakuna kitu. Nikamwuliza kwa nini. Akasema mkono wake unakataa kumfuta mtu moja kwa moja, anaona ni kama kumwombea mabaya. Aliona aibu kuniambia, alijua nitamcheka. Ni kweli ningemcheka. Siku hizi mbili alikuwa nyumbani akiwapitia mmoja mmoja, akimtafuta mwenye koti.

Na mjomba Aloisi yumo. Koti kubwa, ndevu nyeupe chache, macho makali. Mkono wake wa kushoto umenyooka, umeshika hewa. Hapo ndipo lilipokuwa bega la Yustina.

Jioni nilitoka nikamnunulia tende. Akazipokea.

Ijumaa, 21 Machi

Asubuhi Shabani akamrudisha. Programu yake, lazima niseme, ni nzuri. Mjomba yuko mahali pake, mkono begani, Mzee Klementi yuko kwenye kiti chake, hata vivuli vimelala sawasawa. Huwezi kujua kama kuna aliyewahi kuondoka. Nikafurahi, kisha moyo ukashuka. Huwezi kujua. Watu tuliomtoa mtu bila kuacha alama, tukimrudisha bila alama nani atatusadiki? Watasema picha hii imetengenezwa jana. Na watakuwa wamesema kweli.

Shabani alikuwa anazungusha tasbihi. Halafu akasema, ipe yako uso huu.

Yangu, yaani programu ya kupanga. Sasa kuna sura ya kuitafutia. Nikaipa uso wa mjomba, ikaanza kupekua. Tukakaa mbele yake, mimi na Kwaresima yangu, yeye na Ramadhani yake, midomo mikavu, tunatazama kimstari kinavyosogea. Ikaganda. Tukawasha upya. Ikaganda tena mahali pale pale.

Shabani akasema mashine imelemewa, itolewe ya kwake. Nikamkumbusha maneno ya Chande, ukiitoa hairudi. Aliitoa kwa mkono wake. Sijawahi kumpenda mwenzangu huyu kama dakika ile, na sikumwambia.

Ikapekua mpaka mwisho. Imepata moja. Iko kwenye Za leo 2. Picha mbovu, imeinama, nadhani nilibonyeza nikijaribu mwanga kabla ya misa. Haijapambwa kwa sababu hakuna ambaye angeitaka. Mvua inanyesha. Wanaume wawili wamebanana chini ya ukingo wa bati la kanisa, wamejifunika koti moja, kila mmoja analivuta upande wake. Mjomba Aloisi na Mzee Klementi. Wanacheka.

Tumeichapa ilivyo. Shabani hakugusa hata kona.

Kesho tunapanda wawili. Nilimsihi abaki, amefunga na njia ni mbaya. Akasema aliyemtoa ni yeye.

Jumapili, 23 Machi

Miguu imevimba, misa nimeikosa. Naandika ya jana.

Tulipanda na gari la mboga linalorudi tupu, tumekaa juu ya matenga. Tulipoipita njia ya Mzumbe na kuanza kupanda, tope likaanza. Tulishuka kusukuma. Shabani, koo kavu, alisukuma kuliko walioshiba. Dereva akamwuliza kama anakwenda kuoa.

Tulikuta ibada imekwisha, wanagawa vitu vya marehemu. Jembe, panga, redio, nguo. Kitu kinatajwa, mpwa anasimama, anapokea. Mzee Klementi alikuwa nyuma kabisa, ameegemea ukuta wa jiko. Mkwe hana fungu katika vitu hivyo, na jana hata aliyemsogezea kigoda hakuwepo. Mkewe, Mama Yustina, alikaa na ndugu zake na hakugeuka upande wake. Lile koti lake kubwa la mvua lilikuwa la mwisho, limekunjwa mkekani mbele ya Mzee Deo.

Yustina akaomba tusikilizwe. Shabani akasimama. Nilimwomba Mungu asianze kueleza mambo ya programu. Hakueleza. Aliwapa wazee shikamoo, akasema, "Mimi ndiye niliyemtoa mzee wenu kwenye picha. Sikutumwa na mtu. Sikujua mjomba ni nani kwenu, na sikuuliza." Akakaa chini.

Mzee Deo akauliza, taratibu, ni nani aliyemfundisha maneno hayo. Shabani akaikalia mikono yake.

Tulikuwa na picha mbili begini. Ile kubwa, iliyorudishwa vizuri, niliiacha humo. Nikatoa ile mbovu ya mvua, nikapiga goti, nikampa Mzee Deo kwa mikono miwili.

Akaisogeza mbali na macho. Akaisogeza karibu. Akampa dada yake. Mama Yustina aliitazama, mara akaanza kucheka huku analia, akasema hawa watu wazima wawili, wanagombea koti kama watoto, mpaka likachanika kwapani asubuhi ya harusi na yeye akalishona akiwa ameshavaa gauni lake la sherehe. Watu wakasogea kuona.

Mzee Deo akalikunjua lile koti la mkekani. Akainua mkono mmoja wa koti. Akainua wa pili. Pale kwapani palikuwa na mshono wa mkono, uzi mweusi.

Kuhusu shamba hakusema neno. Alisimama, akapita katikati ya wapwa waliokuwa wanalingojea lile koti, akaenda mpaka kwenye ukuta wa jiko. Akamvisha Mzee Klementi, akamfunga na vifungo.

Nilitoka nikalia nyuma ya banda la mbuzi. Sioni haya.

Jua lilipozama Mama Yustina alimletea Shabani maji kwanza, halafu uji wa moto na viazi vya kuchemsha, kabla hajaomba. Alikuwa ameshauliza saa ya kufuturu.

Jumanne, 25 Machi

Mvua imepumzika. Mlima unaonekana wote leo.

Chande amekuja. Tumelipia ya kupanga, na Shabani ndiye aliyemwambia. Kupamba atapamba kwa programu ndogo ya bure kwenye simu yake, pole pole, huku analalamika kwamba kidole chake ni kinene.

Yustina amepiga simu. Baba yake ameamkia shambani na koti, ingawa kuna jua kali.

Programu inaomba jina chini ya kila uso. Tumeanza na Waliotolewa. Mjomba Aloisi nimemwandika. Wengi wao hatuwajui, tumewaachia nafasi wazi.

Mchana kaja mama mmoja na picha ya kipaimara ya mwanawe. Anataka mwanamume aliyesimama pembeni atolewe, anaharibu. Shabani akavaa miwani, akaitazama picha. Akamwuliza, huyu ni nani kwenu. Yule mama akaichukua picha, akaitazama upya. Shabani akamvutia kiti.